Si Sabufa Inayozamisha Vina

Imekuwa ada kwa wapenzi wa tungo, kila wakutanapo barazani au ukumbini, kumtafuta wa kumtwika lawama ya kudhoofika kwa shairi la kuimbwa. Zamani lawama ilitwishwa kinanda cha umeme. Kisha ikahamia kwa mipasho. Na sasa, kwa miaka kadhaa, mshitakiwa ni sanduku jeusi linalokaa chini ya meza ya televisheni, lile ambalo watu wa visiwani na wa bara wamekubaliana kuliita sabufa. Hoja ni moja, na husemwa kwa maneno yale yale: sabufa inanguruma, maneno hayasikiki, na shairi ambalo maneno yake hayasikiki si shairi bali ni mtikisiko. Msemaji aghalabu humalizia kwa methali, kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Waliohudhuria wakatikisa vichwa, na shauri likaishia hapo.

Shauri hilo limekatwa mapema mno. Methali yenyewe, ikisomwa neno kwa neno, inamtetea mshitakiwa. Kinacholaumiwa ndani yake ni debe, tena debe tupu: bati jembamba lisilo na kitu tumboni, ambalo hulia kwa kila kinachogusana nalo na hulia sauti ile ile moja. Kuvuma hakukulaumiwa. Lau kuvuma kungekuwa aibu, wazee wasingalichonga ngoma nene wakaipa jina la vumi, wakaiweka pamoja na chapuo katika mchezo mmoja. Chapuo husema haraka kwa juu. Vumi hukaa chini, ikashika mwendo ili wachezao wasipotee. Hakuna aliyewahi kudai kwamba vumi ndiyo iliyowanyima watu kusikia nyimbo. Sauti ya chini ni raia wa pwani hii tangu kabla ya umeme, na mwenye kutaka kuifukuza hana budi kuleta hati nzito kuliko methali aliyoisoma nusu.

Taarab nayo haikuwa na haya na sauti ya chini. Katika bendi kamili, iwe ya Ikhwan Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905 au ya Culture Musical Club ya mwaka 1958, nyuma ya fidla, kanuni, udi na akodiani husimama besi, kile chombo cha nyuzi nne kinachompita urefu anayekipiga. Uzi wake mnene hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, au kama wasemavyo mafundi, hezi 41, ilhali sikio la binadamu huanza kusikia kwenye hezi 20. Mpiga besi hatunzwi. Noti za fedha hupelekwa kwa mwimbaji, na ndivyo ilivyo haki, kwa kuwa yeye ndiye aliyebeba maneno. Lakini akiondolewa yule wa nyuma, wimbo mzima huelea kama jahazi lisilo na farumi, na mwimbaji ndiye wa kwanza kuona kwamba pana kitu kimepungua chini ya miguu yake.

Hapa pana jambo ambalo waombolezaji wa sauti ya asili hawalipendi. Mwaka 1928 Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi santuri zake, mitambo ya zama hizo haikuweza kunasa vyema sauti zilizo chini ya hezi 100 hivi. Santuri zile ni johari, na sauti ya Siti imefika leo kwa hisani yake. Lakini ni johari iliyokatwa upande wa chini. Kisha zikaja redio za transista zenye spika pana kama kiganja, ambazo chini ya hezi 200 hazina nguvu ya kusema lolote. Vizazi viwili vikakua vikiisikia taarab kupitia tundu hilo, vikaamini kwamba wembamba ule ndio umbo la taarab yenyewe. Mtu anaposema leo kwamba taarab ya kweli haikuwa na besi, kuna uwezekano mkubwa kwamba anaililia redio ya babu yake. Aliyekaa ukumbini mbele ya bendi hasemi hivyo.

Pamoja na hayo, shitaka lina sehemu yake ya ukweli, na kuikana itakuwa ukaidi. Maneno yanapotea. Yanapotea majumbani, kwenye daladala na kwenye harusi, na kupotea kwake kunadhuru ushairi wa Kiswahili zaidi ya ushairi wa lugha nyingi. Chukua maneno haya: paa, taa, kaa, saa, faa, vaa, zaa, jaa. Irabu ni zile zile. Kinachotenganisha maana ni konsonanti peke yake, na konsonanti ni kitu dhaifu. Irabu hutoka kifuani kwa nguvu, lakini p na t ni mpasuko wa hewa wa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na s na f ni mnong'ono ambao uzito wake mwingi umo juu ya hezi 2000. Ikizidiwa konsonanti, msikilizaji hubaki na "aa" tupu. Na kina ni nini kama si konsonanti pamoja na irabu yake? Mshairi aliyehangaika usiku kucha ili kina cha kati kiwe ta na cha mwisho kiwe ka, akalinda mizani nane kwa nane katika kila mshororo, hufika nyumbani kwa msikilizaji akiwa na kina kimoja kisicho na umbo, "a" mbele na "a" nyuma. Huo ni uharibifu. Watetezi wa kelele wanaosema kwamba maneno hayana haja mradi watu wanacheza, hao nao wajibiwe kwamba kwa ngoma isiyo na maneno pana majina mengi mazuri, na shairi si mojawapo.

Lakini nani mharibifu? Sabufa njema, iliyopewa kazi yake na ikaishia hapo, haigusi konsonanti hata moja. Kazi yake ni kubeba sauti zilizo chini ya hezi 80 hivi. Sauti ya mwanamume anayesema kwa kawaida huanza kwenye hezi 85 na kupanda. Ya mwanamke huanza karibu mara mbili ya hapo. Maana yake ni kwamba karibu hakuna neno la mwimbaji linalopaswa kupita ndani ya sanduku lile. Sasa aende mtu dukani, Darajani au Kariakoo, akafungue mojawapo ya seti zinazouzwa kwa jina la sabufa. Atakuta spika ya inchi nne au tano, ndani ya mbao nyembamba za machujo ya msumeno, na pembeni vijispika viwili vidogo vya plastiki. Kwa kuwa vijispika hivyo havina uwezo wa kushuka, mtengenezaji hulilazimisha sanduku kupanda mpaka hezi 150, pengine 200, liwafuate. Hapo ndipo sauti ya mwimbaji inapokatwa kiuno: kifua chake kinasemea chini ya meza, na meno yake yanasemea juu ya kabati. Isitoshe, ni tabia ya sikio kwamba sauti nene yenye nguvu hufunika nyembamba iliyo juu yake, wala nyembamba haifuniki nene kwa kiasi hicho. Mwenye nyumba akiongeza besi kidogo, konsonanti zimekwenda.

Sanduku hilo, tena, halijui besi. Linajua noti moja. Ubao wake mwembamba unatetemeka wenyewe, na tundu lake la hewa limepangwa makusudi liitike juu, mahali ambapo spika ndogo inaweza kupiga kishindo kikubwa. Besi ya wimbo ipande au ishuke, sanduku hujibu kwa dumu lile lile. Ni mfano wa mwimbaji aliyelewa, ambaye amesahau beti zote akakumbuka kibwagizo, akakirudia mpaka watu wakatoka nje. Hilo ndilo debe la methali. Limepakwa rangi nyeusi likawekwa taa ya buluu, lakini ni debe.

Na halikukosa ulimi wa kujisifu. Si ajabu kukuta juu ya boksi maandishi makubwa ya wati 5000, yakifuatwa na herufi nne, PMPO, na nyuma ya chombo hicho hicho, kwa maandishi ambayo huhitaji miwani, kwamba kinakula wati 60 kutoka ukutani. Chombo kinachokula 60 hakiwezi kutoa 5000 kwa muda wa ubeti mmoja, wala wa mshororo mmoja. Wanaouza kwa lugha hiyo wanategemea mnunuzi asijue kwamba kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huiona ndogo, na kwamba ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili huhitajika nguvu mara 10 hivi. Kuna kanuni kongwe kwa kila mwenye kuunda spika: sanduku dogo, kushuka chini sana, na sauti kubwa kwa wati chache, kati ya mambo hayo matatu mtu atachagua mawili. Anayeahidi yote matatu anasema uongo, na uongo huo ndio unaolipiwa na shairi.

Kwa hiyo mwenye uchungu na tungo asiishie kulaani. Na atengeneze. Au, kama mikono yake haikuzoea randa, na aende kwa seremala na fundi wa redio wa mtaani kwake, awape vipimo, na akae nao mpaka kazi iishe. Jambo hili watu wa kalamu wanalionea haya bila sababu. Lugha yao wenyewe imempa mjenzi wa nyumba, mshona kanzu na mtunga mashairi jina moja la fundi, na halikutolewa kwa ukarimu tu: wote watatu wanafanya kazi ya kutia kitu katika kipimo na kukataa kinachozidi. Wale walioshiriki mabishano ya miaka ya 1970 juu ya mizani na vina, ambapo wino mwingi ulimwagika kuhusu silabi moja iliyopungua, wangelitarajiwa kuwa wa kwanza kuelewa kwa nini lita tatu zikizidi ndani ya sanduku, besi hupoteza adabu.

Kwanza ieleweke kwa nini pawe na sanduku. Spika ikiwekwa mezani uchi, karatasi yake inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inaivuta. Sauti nyembamba hazijali, kwa kuwa husonga mbele kama mshale. Lakini sauti nene hupinda, ya mbele ikaizunguka spika na kukutana na ya nyuma, zikafutana. Ndiyo maana spika kubwa ya gari iliyoning'inizwa kwa waya hulia kama karatasi. Sanduku huifunga ile ya nyuma. Chester Rice na Edward Kellogg waliieleza spika ya koili na sumaku mwaka 1925 huko Marekani, na umbo lake halijabadilika sana hadi leo. Lakini sanduku lilibaki kwa muda mrefu kazi ya kubahatisha. Mwaka 1954 Edgar Villchur alionyesha kwamba hewa iliyofungwa ndani ya sanduku dogo lisilopitisha pumzi inaweza yenyewe kuwa springi ya spika, iliyo sawa na ya kuaminika kuliko springi ya kitambaa. Mwaka 1961 Neville Thiele wa Australia, na kisha Richard Small mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaiweka hesabu hiyo mahali pa wazi, ikawa mali ya kila mtu. Si siri ya kiwanda. Ni kuzidisha, kugawa na kipeo cha pili, mambo ambayo mtoto wa sekondari huyapita.

Ichukuliwe spika ya inchi 10 ambayo karatasi yake ya vipimo inasema mambo matatu: mlio wake wa asili ni hezi 28, kipimo cha kujizuia kwake, kinachoandikwa Qts, ni 0.4, na ulegevu wake, unaoandikwa Vas, ni sawa na ulegevu wa lita 60 za hewa. Anachokitaka mwundaji ni kwamba spika ikishaingia sandukuni, kipimo cha kujizuia kiwe 0.707, ambapo besi haivimbi wala haisinyai. Agawe 0.707 kwa 0.4, apate 1.77 hivi. Azidishe jibu kwa lenyewe, apate 3.12, aondoe moja, ibaki 2.12. Agawe lita 60 kwa 2.12. Sanduku ni lita 28 na ushei. Mlio mpya wa spika ndani yake ni 28 mara 1.77, yaani karibu hezi 50, na chini ya hapo sauti itapungua pole pole, bila kuanguka. Kipimo cha kujizuia kikipanda mpaka 1 na kupita, kwa sanduku lililobanwa mno, dumu la dukani linarudi. Likiwa kubwa mno, besi inakuwa kavu na spika inakosa wa kuizuia isiruke.

Lita 28 hizo ni za hewa. Sumaku ya spika na mbao za kushikizia ndani hula nafasi, tuseme lita 3, kwa hiyo ndani pawe na lita 31. Mchemraba wenye urefu wa sentimita 31.4 kila upande, ndani kwa ndani, unatosha. Ukijengwa kwa MDF au plaiwudi ya milimita 18, nje unakuwa sentimita 35 kamili. Vitabu vya spika za kawaida huonya juu ya mchemraba, kwa kuwa sauti hugongana ndani yake kwa mwito mmoja. Lakini mwito huo, kwa kipimo hiki, uko karibu na hezi 550, mbali sana juu ya kazi ya sabufa, na onyo hilo linaweza kuachwa bila dhambi.

Seremala mzoefu wa vitanda na makabati atauliza pande zipi zitaonekana, ili aweke kazi nzuri huko. Aelezwe kwamba hapa kazi nzuri ni ya ndani. Kila kiungo kipakwe gundi mpaka ifurike, kisha skrubu, kisha silikoni kwenye pembe zote kutoka ndani. Ubao mmoja upite katikati kushikiza kuta mbili zinazokabiliana, kwa kuwa ukuta unaotetemeka ni debe hata ukiwa wa mninga. Spika yenyewe ikae juu ya utepe wa sponji ili hewa isipite chini ya ukingo wake. Pamba ya mito, isiyoshindiliwa, ijaze nafasi. Jaribio ni jepesi: karatasi ya spika ikisukumwa ndani taratibu kwa vidole vyote na kuachiwa, irudi kwa uvivu. Ikirudi kwa haraka, pana tundu, na tundu hilo litapiga mluzi katikati ya wimbo. Kwa mwenye kutaka sanduku la tundu la makusudi, lile ambalo Albert Thuras alipata hataza yake Marekani mwaka 1932, mlango haukufungwa; linashuka zaidi na linahitaji wati chache. Ila halisamehe. Kosa la sentimita chache katika bomba lake hurudisha dumu, na anayeanza afadhali aanze na lililofungwa.

Katika waya ndipo mafundi wengi wa mitaani wanapojiharibia jina, na hapo hawana wa kumlaumu. Spika nyingi za magari, ambazo ndizo zinazopatikana kwa urahisi, zina koili mbili, kila moja omu 4. Zikiungwa kwa mfuatano, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, zinakuwa omu 8. Zikiungwa sambamba, zinakuwa omu 2. Amplifaya ya nyumbani ambayo nyuma yake imeandikwa isishuke chini ya omu 4 hupewa hizo 2, kwa sababu "inapiga zaidi", na kweli inapiga zaidi, kwa wiki moja. Kisha inanuka. Mita ya bei ndogo ingelizuia msiba huo: koili ya omu 4 husomeka 3.2 au 3.5 hivi, mbili kwa mfuatano husomeka karibu na 7, na anayeona 1.7 asiwashe kitu. Koili mbili zikiungwa moja kinyume cha nyingine, hali ni ya kuchekesha zaidi: moja inasukuma, nyingine inavuta, karatasi haiendi popote, na amplifaya inapata moto kwa kazi isiyosikika. Betri ya volti 1.5 hutatua shaka yote. Chanya ya betri ikiguswa kwenye chanya ya spika, karatasi itoke nje. Ikiingia ndani, alama zimekosewa.

Kuchuja nako kuna utapeli wake. Wapo wanaoweka koili ya waya wa shaba kati ya amplifaya na spika na kuiita krosiova. Kwa spika ya omu 8 na mpaka wa hezi 80 koili hiyo inahitaji milihenri 16 hivi, donge la shaba la bei kubwa. Kinachowekwa kwa kweli ni kikoili cha kiwiko cha kidole, na sauti ya mwimbaji inapita yote sandukuni. Njia ya haki ni kuchuja kabla ya kukuza: sabufa iwe na amplifaya yake yenyewe yenye kichujio, mpaka uwekwe hezi 80, na waya wa kutoka huko hadi kwenye spika uwe wa milimita za mraba 1.5 au 2.5, si ule wa kengele ya mlangoni. Upande wa umeme wa volti 230, ushairi ukome. Fyuzi ya kipimo chake, waya wa ardhini, na fundi umeme aliyesomea kazi. Mngurumo mfupi mfupi usiokwisha hata muziki ukizimwa ni umeme wa hezi 50 unaoingia kwa waya za ardhini zinazozungukana, na sabufa njema itauonyesha bila huruma, kwa kuwa hezi 50 ndiyo nyumbani kwake.

Yasemwe pia ya nyumba. Chumba cha Mji Mkongwe kimepimwa na mti: boriti za mikoko ndizo zilizoamua kwamba upana wake uwe mita tatu hivi au pungufu, na urefu ukaachwa uende. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, hazimezi besi bali huirudisha. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8, refu kuliko upana wa chumba chenyewe zaidi ya mara mbili. Ndani ya chumba kama hicho sabufa moja ya inchi 10, ikiwekwa kona, inatosha na kubaki, na anayepeleka mbili za inchi 15 anatafuta ugomvi na majirani kupitia dirishani. Nyumba ya mabati ya ng'ambo ni kinyume: besi hutoka kama maji kwenye pakacha, na bati lenyewe la paa huitika. Huko debe liko juu ya kichwa, na hakuna sanduku litakaloliponya. Misumari ya paa ikazwe kwanza.

Na jirani? Wakosoaji wa sabufa wana haki kamili kuhusu wale wanaojenga makabati ya vigodoro na kuyaelekeza barabarani usiku wa manane. Lakini hapa nako sababu imepinduliwa. Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio hupoteza sauti nene haraka kuliko nyingine kadiri muziki unavyopunguzwa. Sauti ya hezi 40 huhitaji takriban desibeli 50 zaidi ya ile ya hezi 1000 ndipo ianze kusikika. Mwenye redio isiyo na besi anaposikiliza kwa sauti ndogo, wimbo unakonda, naye hupandisha kila kitu ili kuutafuta mwili wake, na jirani anapata vyote. Mwenye besi iliyopimwa hana haja hiyo. Anaweza kusikiliza saa nne za usiku, mtoto amelala chumba cha pili, na shairi likawa zima.

Kinachobaki ni kuipanga. Ichaguliwe rekodi ya bendi kamili yenye besi ya kusimama, na shairi ambalo msikilizaji halijui kwa moyo, kwa kuwa anayelijua hulisikia hata lisiposikika. Sauti ya sabufa ianze sifuri na kupandishwa kidogo kidogo mpaka besi ipate kiwiliwili, isimame pale inapowaka, kisha irudishwe nyuma kidogo. Swichi ya mwelekeo ijaribiwe pande zote mbili. Upande ambao besi imejaa ndio uachwe, kwa kuwa ule mwingine spika kubwa na ndogo zinafutana. Mgeni aulizwe sauti nene inatoka wapi. Akionyesha sanduku kwa kidole, mpaka uko juu mno. Kisha sabufa izimwe katikati ya ubeti, na asikilizwe mwimbaji kwa mishororo miwili. Ikiwa maneno yamesikika vizuri zaidi ilipozimwa, ishushwe tena, na wimbo urudiwe tangu ubeti wa kwanza.